Kawaida ya Foibe

Foibe aliingia karakana ya Aikaruwa Jumatano asubuhi, mkono wa blauzi ameshaukunja hadi begani, akaulaza mkono wake mnene juu ya meza ya kazi kama mtu anayetua mzigo wa kuni, akasema kitu hiki kitolewe leo hii.

"Kitu gani?"

"Hii mbea iliyo ndani. Itoe, nikawape kuku."

Chini ya ngozi, karibu na kiwiko, mstari mwembamba ulikuwa ukiwaka njano. Punje yake haikuwa na tofauti na punje nyingine yoyote kijijini Kilari: ndogo kuliko mchele, inaonja damu saa zote, kisha inaandika kwenye ngozi ilichoonja. Kijani maana yake mwili umetulia. Njano, mwako umeanza. Nyekundu, mwako umepanda, nenda kliniki ya kampuni ukatulizwe kabla kisukari hakijakuingia. Mwako wenyewe hauna moshi wala harufu. Mafuta ya mwili yakijaa kupita kiasi, chembe zake huvimba, hewa haizifikii, nyingine hufa. Askari wa damu wakija kuondoa maiti hukuta kazi haiishi, basi hubaki pale pale wakipiga kelele mwaka baada ya mwaka. Kelele hizo husafiri. Mwisho wa safari yao ni kongosho.

Hayo Aikaruwa aliyajua bila kufundishwa na mtu. Hakukanyaga chuo. Alijifunza kwa kufungua vilivyokufa, redio kwanza, kisha simu, kisha punje zenyewe, akisoma vitabu ambavyo wenye vyeti huvitumia kuegemezea milango. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na ndiye fundi punje pekee upande huu wa mlima, kwa kibali cha kampuni ya Tulivu.

Alimuuliza Foibe sababu. Foibe akaitoa yote, kwa sauti ya mtu aliyeirudia kichwani njia nzima. Kila msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo wa kumwagilia mashamba, wenzake huketi kupumzika upande mmoja yeye upande wa pili, kwa kuwa mkono wake hubadilika njano, nyekundu, njano. Wanasema anakula kwa kujificha. Wanasema mwanamke asiye na mtoto wa kugawia hula sehemu ya mtoto pia. Msaragambo uliopita mmoja alisema hivyo kwa sauti, na mama yake mzazi, Bibi Ndekusara, alikuwepo, akageukia maji kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

"Na Ndeshi je?" akasema Foibe. "Tunakula chungu kimoja. Juzi tumepanda mizani ya maziwa sote wawili, tukatofautiana kilo moja, na iliyozidi ni yake. Mkono wake kijani. Miaka kumi na minne, kijani. Mimi nimemkosea nini Mungu?"

Ndeshi alikuwa mke wa kaka yake Foibe. Alikuwa pia mdogo wake Aikaruwa, tumbo moja. Na kwa bahati alikuwa nje ya karakana wakati huohuo, ameleta maziwa. Aikaruwa akamwita. Alitaka tu kumnyamazisha Foibe kwa ushahidi, amwonyeshe kwamba punje haina upendeleo. Alikuwa na kisomeo cha mezani, chombo cha kizamani kisicho na adabu ya rangi: unakipa tone la damu, kinakupa kiwango cha mwako kwa tarakimu, basi. Kina faida moja. Hakimjui mtu.

Tone la Foibe likatoa kumi na moja.

Tone la Ndeshi likatoa thelathini na nne.

Aikaruwa alifuta kioo cha kisomeo, akarudia. Thelathini na nne. Akajichoma kidole chake mwenyewe, maana naye mkono wake ulikuwa kijani tangu punje iingie. Ishirini na sita.

"Vipi?" akauliza Ndeshi, akicheka. "Nimeshinda?"

"Mashine imechoka," akasema Aikaruwa. Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo, na ulitoka laini mno. Akamwambia Foibe asiitoe punje kwanza, ampe siku mbili. Foibe akashusha mkono wa blauzi polepole, macho hayatoki kwenye kile kioo.

*

Wengine husahau na kulala vizuri. Aikaruwa hakujaliwa. Alikumbuka bibi yake akisimulia wageni waliokuja kupima vichwa vya watoto kwa uzi, na wengine baadaye waliochota damu ya kijiji kizima wakaahidi majibu. Majibu hayajafika hadi leo, mlima umekwisha kuwa mweusi kileleni na bado hayajafika. Kwa hiyo alipofungua kabati na kutoa nakala za fomu za miaka kumi na minne iliyopita, alijua anatafuta kosa la nani. La kampuni. Alikwenda nalo moyoni likiwa tayari limepikwa.

Fomu zikamtazama. Zote zilikuwa kwa mwandiko wake.

Mpango wa kupachika punje ulikuwa wa wanawake. Tulivu ilitaka wengi, kwa haraka, na mwanamke wa mlimani humpati nyumbani: yuko migombani, yuko kwenye majani ya ng'ombe, yuko sokoni. Unampata lini? Akiwa mzazi. Miezi mitatu baada ya kujifungua haguswi na jembe. Anakaa ndani, analishwa na mama mkwe, na nyumba nzima inapimwa kwa shavu lake. Mtori wa nyama, supu ya mbuzi, samli, mlaso wa damu na maziwa. Ni chakula cha heshima na kimewarudishia wanawake nguvu tangu mlima una barafu. Asije mtu hapa akakitukana. Basi kampuni ikamwajiri Aikaruwa, mwenyeji anayejua kila njia ya Kilari, apite nyumba za wazazi na sindano ya punje.

Punje ina akili moja tu. Siku kumi za kwanza hunyamaza, inajifunza. Mwako inaoukuta siku hizo ndio inauita kawaida, na kuanzia hapo hupiga kelele mtu akipanda juu ya kawaida yake mwenyewe. Iliwakuta wanawake mia tatu na kumi na wawili katikati ya miezi yao ya mtori, mmoja wao Aikaruwa mwenyewe, aliyejipachika alipokuja kuzaa. Mwili wa mzazi una joto lake, kuzaa kwenyewe ni vita, na juu yake samli. Punje ikaandika: hii ndiyo hali yao. Walipopona, ikasema kijani. Walipokuja kunenepa baadaye kwa mikate na soda za chupa kubwa, mwako ukapanda kimya kimya hadi pale pale, ikasema kijani.

Na kampuni ilikuwa imelifikiria hilo. Hapo ndipo Aikaruwa alipoketi chini. Swali la kumi na saba: Je, hivi ndivyo anavyokula siku zote? Jibu likiwa hapana, wakala arudi baada ya miezi sita.

Mia tatu na kumi na mbili: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Aliwakumbuka waliojibu. Mama wakwe, mmoja baada ya mwingine, wamesimama mlangoni mwa chumba cha mzazi na kitambaa kichwani. Nani angejibu hapana? Mgeni ana kalamu, mzazi anasikia, na mama wa mzazi atapelekewa habari kabla jua halijazama. Siku zote, mwanangu. Hapa kwetu hula hivi siku zote. Na Aikaruwa, aliyekulia kiburu cha ndizi na maharage kama wao, aliyejua kabisa nyama huonekana mara ngapi, aliandika ndiyo. Kumbishia mama mkwe nyumbani kwake asingethubutu. Wala hakutaka kupanda vilima vile mara mbili.

Mchana akampigia msimamizi wa Tulivu mjini, Bwana Gwamaka, mtu mpole wa kukera. Hakushtuka. Alisema wameliona jambo kama hilo kwenye takwimu, si Kilari tu, na lina utaratibu wake: kibali cha fundi kinamruhusu kushusha kawaida ya punje zote kwa unywele mmoja kila mwezi. Baada ya miaka miwili punje zitakuwa zinasema kweli, hakuna atakayejua ziliwahi kusema vingine, kliniki haitazidiwa na wagonjwa kwa mkupuo. Aikaruwa akauliza njia ya haraka. Bwana Gwamaka akavuta pumzi, akasema ipo, lakini kwa sheria mwenye punje tu ndiye anayeweza kuiamuru isahau, kwa sauti yake. Na ili aiamuru itabidi aelezwe kwa nini. "Na fomu, dada, zina dole gumba lako. Sisi tulichapisha swali tu."

Alirudi kwenye tone la Ndeshi lililobaki, akakiagiza kisomeo kipime na sukari na insulini. Kongosho lake lilikuwa linatengeneza insulini mara nne ya inayohitajika, kwa sababu mwili uliojaa mwako huisikia insulini kwa shida. Sukari ilikuwa imeanza kupanda ngazi. Askari wenye kelele walikuwa wameshaingia ndani ya kongosho lenyewe, na chembe zinazotengeneza insulini zilikuwa zinachoka: baadhi zinakufa, nyingi zinasahau kazi yao, zinabaki zimeduwaa kama mtu aliyeamshwa ghafla. Zilizosahau zinaweza kukumbushwa, mwako ukishuka mapema na mzigo wa mafuta ukipungua. Zilizokufa ndiyo basi. Alipiga hesabu mara tatu. Ndeshi hakuwa na miaka miwili. Labda angefika mavuno ya kahawa.

*

Ijumaa alimkuta Foibe nyuma ya nyumba, anakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe, vipande vinaruka. Aikaruwa alikuwa na maneno aliyoyapanga njiani. Ukiiamuru punje isahau, alieleza, itajifunza upya kwa mwili itakaoukuta, na mwili wa Ndeshi sasa unaungua. Itauita moto huo kawaida kwa mara ya pili. Inahitaji kuazima kawaida ya mtu mwingine. Mwanamke wa mlima huu, wa chakula hiki, aliyepachikwa siku isiyo na sherehe.

"Yupo mmoja tu," akasema.

Foibe aliendelea kukata. Aliikumbuka siku ya kupachikwa kwake kuliko Aikaruwa alivyoikumbuka. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mwembamba, ametoka kufunga ndama, akamwona wakala anapita mlango wa tatu bila kuugusa wake. Alimfuata njiani akamuuliza, mimi si mtu? Aikaruwa alimpachika pale pale barabarani, amekaa juu ya jiwe, apate kumwondokea.

"Kwa hiyo hii mbea," akasema Foibe, "miaka yote ilikuwa inasema kweli."

"Ndiyo."

"Na zenu zinadanganya."

"Ndiyo."

Foibe akacheka, kicheko kirefu chenye machozi, hadi ng'ombe akainua kichwa. Miaka sita alishuka kliniki peke yake, nyekundu ikimwaibisha njia nzima, akachomwa sindano za kutuliza, akaambiwa aache soda akaacha, atembee akatembea. Kila mwaka walimpima wakamwambia kongosho lako zima, mama. Alidhani wanamfariji. Alipomaliza kucheka akafuta uso kwa kiganja na kuuliza anatakiwa kufanya nini. Aikaruwa akasema aseme tu kwamba anaiazimisha kawaida yake kwa Ndeshi, leo, hapa, itachukua dakika moja.

"Kwa Ndeshi."

"Hali yake ni mbaya, Foibe. Ni wifi yako."

"Na hao wengine?"

Aikaruwa akasema wengine watashushwa polepole, kuna utaratibu. Hata masikioni mwake mwenyewe ilisikika sauti ya Bwana Gwamaka.

Foibe akaliegemeza panga ukutani. "Umeanza na wako," akasema. Hakupaza sauti. "Ukishampata wako, utamkumbuka wa watu wengine? Mimi najua kukumbukwa mwisho kunafananaje. Hao wanaonicheka, wako wangapi kama Ndeshi?"

"Sijui. Sijawapima."

"Hukutaka kuwapima."

Aikaruwa akasema kitu kuhusu kibali chake, kwamba bila fundi Kilari itabaki na nani, kwamba taharuki nayo inaua. Foibe alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa.

"Simwazimi mtu mmoja. Jumamosi ni msaragambo wa mfongo, wote wapo. Simama uwaambie ulichoandika, kwa mdomo wako. Ukisema, nami nitasema. Usiposema, nitamwambia Ndeshi mwenyewe kwamba dada yake alijua tangu Jumatano."

"Wanakucheka hao, Foibe. Ungeweza kuwaacha tu."

"Nilifikiria," akasema Foibe, akachukua panga lake. "Nimefikiria sasa hivi, wakati unaongea."

*

Mfongo wa Kilari una umri mkubwa kuliko serikali zote zilizowahi kuutoza kodi. Maji hutoka korongoni, hutembea ubavu wa mlima kilomita tisa, na kila shamba lina zamu yake na lango lake. Jumamosi hiyo wanawake walikuwa ndani ya mtaro hadi magoti, mstari mrefu, wanatoa tope kwa koleo na kulirusha ukingoni. Wazee waliketi juu wakisimamia. Bibi Ndekusara alikuwa na jiwe lake, miaka themanini na miwili, anawaambia wachimbaji pale bado, pale bado.

Aikaruwa alingoja mapumziko. Wenzake walipokuwa wanapokezana chai akapanda ukingoni na kusema ana la kusema. Alimwona Ndeshi chini yake, ameshika kikombe, anatabasamu, na ingekuwa rahisi kugeuza ikawa tangazo la chanjo ya ng'ombe.

Alieleza kwa maji, kwa sababu walikuwa wamesimama ndani yake. Insulini ni mgawa maji: inapita lango hadi lango, inafungua, sukari inaingia kwenye nyama ya mwili. Mwako ni tope kwenye malango. Mgawa maji anasukuma, lango halisikii. Kongosho linamtuma wa pili, wa tatu, wa nne, hadi lenyewe linachoka, na tope linarudi nyuma na kuingia kwenye chemchemi. Punje iliwekwa ili ituambie tope limefika wapi. Punje zetu, akasema, hazituambii kitu. Tazameni mikono yenu. Hicho kijani ni cha siku mliyokuwa wazazi.

Kisha akasema swali la kumi na saba. Akasema nani aliandika. Hakumtaja mama mkwe hata mmoja. "Nilijua si kweli, nikaandika ndiyo. Wanawake mia tatu na kumi na wawili. Na mmojawapo ni mimi."

Ndenengo, mwenye kupanga zamu za mfongo, mwanamke ambaye hata makasisi humpisha njiani, aliweka kikombe chake chini kwa uangalifu.

"Tangu lini umejua?"

"Jumatano."

"Na leo Jumamosi. Alhamisi ulikuwa unafanya nini? Ijumaa je?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kumwokoa mdogo wangu bila nyie kujua."

Hapo ndipo walipomgeukia Ndeshi, na Ndeshi alikuwa haangalii mtu. Alikuwa ameugeuza mkono wake, anautazama ule mstari wa kijani aliojivunia miaka yote, kama mtu anayetazama barua na kutambua si mwandiko wa aliyetia sahihi. Kelele zikaanza. Mmoja alisema Aikaruwa apelekwe mahakamani, mwingine akasema mahakamani ipelekwe Tulivu, wa tatu akasema yeye anakojoa mara tano kila usiku na mumewe anamwambia ni uzee. Lilirushwa koleo la tope, halikumpata. Ndenengo akauliza kama Aikaruwa ameona nyumba zao ni za wajinga kiasi cha kuandikiwa tu majibu.

"Mwacheni," akasema Bibi Ndekusara kutoka juu ya jiwe.

Walimwacha, kwa kuwa alikuwa anasimama, na kusimama kwake huchukua muda.

"Mimi ndiye niliyesema siku zote. Huyu mtoto aliniuliza vizuri. Mzazi wangu yumo ndani anasikia, mtu ana kalamu, niseme sisi ni watu wa kiburu na maharage? Mbuzi yule alikuwa wa kwanza mwaka ule." Akavuta pumzi. "Nikasema siku zote. Nikaongeza na samli ambayo hatukuwa nayo."

Mzee aliyeketi jirani yake akaguna, akasema kwao hata huyo mbuzi hakuwepo, supu iliazimwa kwa jirani ikapashwa mgeni alipoonekana kwenye kona. Mwingine akasema yeye alijibu mara mbili kwa siku. Wa nne alifunika uso kwa kitambaa na mabega yakatikisika, na haikujulikana analia au anacheka hadi alipokitoa. Kicheko kilishuka mtaroni kama maji yaliyofunguliwa, kikawafika hata waliokuwa na hasira, na hasira haikuondoka, ila ilipata pa kuketi.

Bibi Ndekusara hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake upande wa pili wa mfongo, peke yake, koleo mkononi.

"Foibe. Nilisikia walichokusema mara ile. Nikatazama maji."

"Najua, mae. Nilikuona."

"Basi nimesema mbele yao."

Foibe alichota tope lililobaki mbele yake, akalirusha ukingoni, akaangalia kama limekaa vizuri. Watu mia tatu walimngoja. Huenda hakuwahi kungojwa na mtu maishani, na hakuona sababu ya kuwapunguzia. Kisha akakunja mkono wa blauzi.

"Mimi Foibe Kileo," akaiambia punje yake, "naazimisha kawaida yangu kwa wanawake wa mfongo huu, wote. Hata huyo aliyesema nakula sehemu ya mtoto. Anajijua."

Aikaruwa akawaonyesha ya kusema. Neno moja, kila mtu kwa sauti yake: sahau. Ndenengo alisema kwanza, kwa ukali, kana kwamba anamfukuza mbwa jikoni. Kijani kilizimika mkononi mwake. Kwa pumzi tatu pakawa na ngozi tu. Kisha mstari ukarudi, mwekundu.

Ukaenda hivyo mtaro mzima, sauti baada ya sauti, nyembamba na nene, kijani kikizimika na nyekundu ikiwaka mikononi mchana kweupe. Wachache walipata njano, wakaipokea kama zawadi. Wa Ndeshi ulikuja mwekundu uliokolea karibu na weusi. Aikaruwa alishuka ndani ya maji akasimama naye. Alitegemea kusukumwa. Ndeshi alimshika kiganja, akakibana kwa nguvu hadi mifupa ikauma, wala hakukiachia.

*

Hawakunawa. Ndenengo alisema kampuni imezoea kuwapokea wakiwa wameoga na wamechana, mmoja mmoja, leo iwapokee walivyo. Wakateremka kwa miguu, tope limewakaukia magotini, njia imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, na wanaume waliokuwa wakicheza bao dukani walisimama bila kuambiwa. Njiani simu ya Aikaruwa ililia. Ulikuwa ujumbe wa Tulivu: kibali cha ufundi kimefutwa kuanzia saa hii. Aliusoma akitembea. Akamsomea na Ndenengo, ambaye alisema punje zitaendelea kuharibika na yeye Aikaruwa ana mikono bado, kwa hiyo asimchoshe; na hilo jambo la fomu watalizungumza, asidhani limekwisha.

Mlango wa kliniki ni wa kioo. Husoma mkono, na kwa mkono mwekundu hufunguka, haukatai, ndivyo mkataba ulivyoandikwa na watu waliodhani watakuja watano kwa wiki. Ulimfungukia Ndenengo. Ulipotaka kujifunga ukasoma mkono wa pili, wa tatu, wa arobaini. Uliganda wazi kuanzia saa saba hadi magharibi. Ndani, muuguzi mmoja alisimama na kuziba mdomo kwa kiganja, kisha akavua saa yake, akakunja mikono ya koti, akapiga simu mjini akasema wamlete kila mtu anayejua kushika sindano. Bwana Gwamaka alipompigia, alimwambia hana nafasi.

Ndeshi alipimwa miongoni mwa wa kwanza. Muuguzi alisoma majibu mara mbili kabla ya kuongea. Alisema nyingi ya chembe zake hazijafa, zimesahau tu. Sindano zitashusha mwako, uzito nao itabidi ushuke, polepole na kweli, na hatamwahidi kitu asichokijua. Lakini kama ingekuwa dada yake mwenyewe, asingelia leo.

Foibe alikuwa amebaki nje, mkono wake njano, hahitajiki popote. Alitazama ndani kupitia kioo. Aliwaona wanawake wamesongamana kwenye korido isiyo sahihi, wamekaa kwenye viti vya wanaosubiri majibu, wawili wamefungua chumba cha mashuka. Alishusha pumzi kama mtu anayeona chakula kinapikwa vibaya. Akaingia nyuma ya mkono wa mtu mwingine.

"Si huko," akawaambia, akimshika Ndenengo kiwiko na kumgeuza. "Mstari unaanza dirisha la bluu. Vueni mkono wa kushoto wa blauzi tu. Yule mrefu anachoma taratibu, mfupi ana haraka. Ya kwanza itakuuma hadi bega, ukifika nyumbani weka kitambaa cha moto. Ya pili haiumi hivyo." Akavuta benchi kwa mguu, akapangusa tope kwa upindo wa kitenge, akaketi, akampigapigia Ndeshi nafasi iliyobaki kando yake. "Kaa hapa, wifi. Tutaitwa."